Mechi 78 za Terrell Davis

Jumamosi ya Februari 4, 2017, wapiga kura 48, wengi wao waandishi wa habari za michezo, walijifungia chumbani mjini Houston kuamua nani aingie Jumba la Magwiji la futiboli ya Marekani, lile lililoko Canton, Ohio. Kwenye orodha yao kulikuwa na wakimbiaji wawili ambao huwezi kuwaweka kwenye mizani moja bila mizani kupinda. Wa kwanza, LaDainian Tomlinson, alikuwa na yadi 13,684 na ndio kwanza ametimiza masharti ya kupigiwa kura. Huyo hakuwa na kesi. Wa pili alikuwa amesubiri mlangoni miaka kumi. Terrell Davis wa Denver Broncos, yadi 7,607, karibu nusu ya mwenzake, mechi 78 tu kwenye ligi nzima.

Kisa hiki kimeshaamuliwa, lakini napenda kukirudia kwa sababu hoja zote zilizotumika kumzuia zilikuwa za kweli. Hakuna aliyesema uongo kuhusu Davis. Walichotofautiana ni kwamba Jumba lile linapima nini hasa.

Kwa msomaji wa soka, maneno mawili kwanza. Mkimbiaji ninayemzungumzia ni yule anayesimama nyuma ya kwotabeki, mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, anapewa mpira mkononi, kisha anatafuta upenyo katikati ya mijitu kumi na moja inayotaka kumlaza chini. Kazi yake hupimwa kwa yadi, na yadi ni pungufu kidogo ya mita. Yadi 100 kwa mechi ni siku nzuri. Yadi 1,000 kwa msimu ni heshima. Yadi 2,000 kwa msimu ni jambo ambalo katika historia yote ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, wameliweza watu wasiozidi vidole vya mikono miwili. Na mwili wa mtu anayefanya kazi hiyo huchakaa haraka kuliko wa mchezaji mwingine yeyote uwanjani.

Davis alizaliwa San Diego mwaka 1972. Alianzia chuo cha Long Beach State, ambacho kiliifuta timu yake ya futiboli baada ya msimu wa 1991, akahamia Georgia, na huko hakuacha jina kubwa. Mwaka 1995 timu za NFL zilipogawana wachezaji chipukizi, Denver walimchukua raundi ya sita, akiwa mtu wa 196. Maana yake wenzake 195 waliitwa kabla yake. Mchezaji wa raundi hiyo hununua tiketi ya kwenda na ya kurudi.

Agosti mwaka huo Broncos walikwenda Tokyo kucheza mechi ya kirafiki na San Francisco 49ers. Davis alikuwa chini kabisa kwenye orodha ya wakimbiaji, na mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa amekata tamaa, anafikiria kufunga virago na kurudi nyumbani, ila ugeni wa mji ulimshinda. Akabaki. Mechini wakamwingiza kwenye kikosi cha kufukuzia mpira wa kuanzia, kazi ya watu ambao kocha hajali sana wakiumia. Mpira ukapigwa, 49er mmoja akaudaka na kuanza kukimbia, Davis akashuka uwanja mzima kwa kasi na kumkumbana kifua kwa kifua, mtu akaenda chini kama gunia. Mkimbiaji aliyejulisha makocha kuwa yupo kwa kumwangusha mtu mwingine! Msimu ulipoanza alikuwa ndiye chaguo la kwanza la kocha Mike Shanahan.

Kisha ikaja misimu minne. Yadi 1,117 mwaka 1995. Yadi 1,538 mwaka 1996, na tuzo ya mshambuliaji bora wa mwaka. Yadi 1,750 mwaka 1997 na ubingwa. Mwaka 1998 akafika 2,008, akavuka mstari wa goli mara 21 kwa miguu, akawa mchezaji bora wa ligi nzima, na Denver wakatwaa ubingwa wa pili mfululizo. Jumla ya misimu hiyo ni yadi 6,413.

Oktoba 3, 1999, dhidi ya New York Jets, kwotabeki kijana Brian Griese, aliyerithi nafasi ya John Elway, alirusha pasi ikanaswa na mpinzani. Davis akageuka kumkimbilia aliyeinasa ili amzuie, kazi ambayo si yake, na katika mgongano huo goti la kulia likaachia. Kano mbili zilikatika. Hapo ndipo kisa kinapogawanyika vipande viwili. Misimu mitatu iliyofuata, ukiuhesabu na huo, ilimpa mechi 17 na yadi 1,194. Mwaka 2002 akastaafu, hajafikisha hata miaka 30.

Sasa hoja za waliomkataa.

Ya kwanza ni ya hesabu, na haihitaji maelezo marefu. Emmitt Smith ana yadi 18,355. Walter Payton ana 16,726. Curtis Martin 14,101. Davis hafikii 8,000. Kuna wakimbiaji waliomzidi kwa maelfu ya yadi na hakuna anayewakumbuka leo isipokuwa mashabiki wa timu zao. Kwa wenye mtazamo huu kudumu ni kipaji. Mtu anayeamka kila Jumatatu hawezi kushuka kitandani bila kushika ukuta, na Jumapili yupo tena uwanjani, kwa miaka kumi na tatu, amefanya jambo ambalo Davis hakulifanya. Mwaka 2015, mara ya kwanza Davis kufika fainali ya kura, aliyeingia alikuwa Jerome Bettis, misimu 13, yadi 13,662. Ukizigawa kwa mechi, Bettis anapata yadi 71 na Davis anapata 97 na ushei. Wapiga kura walijua hesabu hiyo, na bado waliona 13,662 ni nyingi kuliko 7,607. Wana haki. Ni nyingi.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na ndiyo iliyomweka nje miaka yote ile kuliko goti. Wanasema haikuwa Davis, ilikuwa Denver.

Kocha wa walinzi wa mbele wa Broncos, wale watano wanaomfungulia njia mkimbiaji, Alex Gibbs, alikuwa na namna yake ya kuzuia. Badala ya kila mlinzi kumchagua mpinzani mmoja na kumsukuma, wote watano walisogea upande mmoja kwa pamoja, kama wavuvi wanaovuta juya, na kila mmoja akazuia yeyote aliyeingia kwenye eneo lake. Walinzi wake hawakuwa mibuyu. Walikuwa wepesi kuliko wa timu nyingine. Ukuta wa wapinzani ukiburutwa upande, mahali fulani lazima upasuke. Mkimbiaji anatembea na ukuta, anatazama, anaona ufa, anakata mara moja na kwenda. Hakuna madoido wala kurudi nyuma kutafuta njia nzuri zaidi.

Mambo yaliyotokea baada ya Davis kuumia yanampa mpinzani wake silaha. Mwaka uleule wa 1999, Olandis Gary aliingia akapata yadi 1,159. Mwaka 2000 Mike Anderson, naye wa raundi ya sita kama Davis, alipata 1,487 na kuwa chipukizi bora wa mwaka. Clinton Portis alifika 1,508 mwaka 2002 na 1,591 mwaka uliofuata. Reuben Droughns akapata 1,240 mwaka 2004. Watu wakaanza kutania kwamba Shanahan angeweza kumvalisha jezi muuza karanga wa uwanjani na bado akapata elfu moja. Portis hata alimzidi Davis kwa wastani: yadi 5.5 kila aliposhika mpira, ilhali Davis katika msimu wake bora kabisa alipata 5.1. Ukiwa na walinzi wale na Elway kwenye uongozi, anauliza mpinzani, unataka tumpe nani sanamu ya shaba, Davis au Gibbs?

Nimeizungusha hoja hii kichwani mara nyingi, na sidhani inaweza kupuuzwa kama mashabiki wa Denver wanavyofanya. Mfumo ulikuwepo na ulifanya kazi. Lakini angalia namba zenyewe tena. Wote wale walipata elfu moja, na Portis akaisogelea 1,600. Mfumo ulimhakikishia kila aliyepita hapo mshahara wa kawaida. Haukumpa mwingine yeyote 2,008, wala kuvuka goli mara 21. Na kuna tofauti ya mzigo: mwaka 1998 Davis alibeba mpira mara 392, wastani wa mara 24 na nusu kila mechi, kila mtu uwanjani akijua ni yeye anayekuja.

Kisha kuna mechi za mtoano, na hapa ndipo mimi huona kesi inaisha.

Kabla ya Davis, John Elway alikuwa amefika Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, mara tatu na kupoteza zote: 39–20, 42–10, 55–10. Huyo ni mmoja wa makwotabeki wakubwa kuliko wote, na alikuwa anazeeka mikono mitupu. Davis alicheza mechi nane za mtoano maishani. Ya kwanza, Januari 1997 dhidi ya Jacksonville, walifungwa, naye alipata yadi 91. Saba zilizofuata walishinda zote, na katika zote saba alivuka yadi 100. Jumla ni yadi 1,140 na mara 12 ndani ya goli. Hapo ni dhidi ya timu zilizobaki baada ya chujio, katika miezi ambayo kila kocha ana wiki nzima ya kumpangia mtego mtu mmoja.

Mechi ya kukaa nayo kidogo ni ile ya Januari 25, 1998, Super Bowl dhidi ya Green Bay Packers, mjini San Diego, nyumbani kwao Davis. Kwetu Afrika Mashariki mechi hizi huanza usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa hiyo wengi tumeiona kwa marudio. Robo ya kwanza inakaribia kuisha, Davis ameshafunga mara moja, kisha anapata kishindo cha kichwa na kipanda uso kinamvamia. Aliyewahi kuugua kipanda uso anajua kwamba si maumivu ya kichwa ya kumeza vidonge na kuendelea na kazi. Macho yanapoteza sehemu ya dunia. Davis alirudi benchi akisema haoni.

Denver wapo yadi moja kutoka kwenye goli. Shanahan akamwendea na kumwambia aingie hivyo hivyo, mpira hatapewa, lakini asipoonekana uwanjani Green Bay hawataamini kwamba wanakimbia. Akaingia kipofu. Elway akajifanya kumkabidhi mpira, walinzi wa Green Bay wakamrukia Davis asiye na kitu, na Elway akajitembelea zake kulia hadi ndani. Davis akatoka, akakaa nje sehemu yote iliyobaki ya robo ya pili.

Hii ndiyo picha ninayoiona kila mtu anaposema mfumo. Chambo hafanyi kazi ila samaki anamjua. Olandis Gary kipofu angewekwa pale, nani angemrukia?

Nisimpambe. Aliporudi baada ya mapumziko, mara ya kwanza kushika mpira aliudondosha, na Green Bay wakautumia kusawazisha 17–17. Na goli lake la tatu, lile la ushindi likiwa limebaki dakika moja na sekunde 45, Green Bay walimwachia apite makusudi ili wabaki na muda wa kujibu. Lakini alimaliza na yadi 157 kwa mara 30 alizobeba, magoli matatu, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi. Elway siku ile alirusha pasi za yadi 123 tu, hata moja haikuzaa goli. Denver 31, Green Bay 24. Mwaka uliofuata waliwafunga Atlanta 34–19.

Wanaopenda mfumo hawana jibu zuri kwa jambo moja dogo: kuanzia msimu wa 1999 hadi wa 2004, wakimbiaji wote wale wa elfu moja na ushei walipokuwa Denver, Broncos hawakushinda hata mechi moja ya mtoano. Nakubali kwamba Elway naye alikuwa ameondoka, na mtu mwaminifu hawezi kumpa Davis sifa yote ya ukame ule. Lakini hauwezi pia kuwa wa Elway peke yake, kwa sababu Elway tulishamwona bila Davis. Tulimwona mara tatu.

Jambo linalonishangaza ni kwamba NFL haiziweki yadi za mtoano kwenye jumla ya maisha ya mchezaji. Yadi zilizopatikana Septemba dhidi ya timu mbovu zinahesabiwa. Za Super Bowl zinawekwa daftari la pembeni. Ziunganishe, na msimu wa Davis wa 1998 unakuwa yadi 2,476 katika mechi 19. Hakuna aliyeifikia idadi hiyo hadi Februari 2025, Saquon Barkley wa Philadelphia alipofikisha 2,504, naye alihitaji mechi 20. Miaka 26 rekodi ile ilikaa peke yake, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mwenye rekodi alikuwa nje ya mlango.

Watetezi wa Davis nao walikuwa na hoja mbovu, na waliipenda mno. Ni hoja ya lau. Lau asingeumia, angefikisha elfu kumi na tano. Lau goti lingeshika, Denver wangechukua la tatu. Hiyo si hoja, ni rambirambi. Kuna vijana maelfu walioumia kabla ya kufika popote, na kila mmoja ana lau yake. Jumba haliwezi kuweka sanamu ya mambo ambayo hayakutokea. Bahati yake ni kwamba Davis hakuihitaji hoja hiyo; yaliyotokea yalitosha.

Hoja iliyosaidia kweli ilikuwa imekaa Canton tangu 1977. Gale Sayers wa Chicago Bears alicheza mechi 68 tu, kumi pungufu ya Davis. Yadi 4,956. Magoti yalimmaliza. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano. Na Jumba lilimpokea akiwa na miaka 34, mdogo kuliko wote waliowahi kuingia, kwa sababu waliomwona walijua walichokiona. Basi mwenye kumkubali Sayers na kumkataa Davis kwa sababu ya ufupi alikuwa anatumia vipimo viwili, na wengi wa waliokuwa chumbani walikuwa hivyo bila kujua. Sayers alikuwa mrembo kumtazama, anacheza kama maji. Davis alikata mara moja na kwenda. Uzuri una mawakili wengi kuliko kazi.

Mashabiki wa soka tuna mfano wetu. Marco van Basten alicheza mechi yake ya mwisho Mei 1993, fainali ya Ulaya, akiwa na miaka 28, kisha kifundo cha mguu kikamkatalia. Ana mipira mitatu ya dhahabu. Sijawahi kumsikia mtu akisema hastahili kutajwa kwa kuwa hakufikisha miaka 35 uwanjani.

Basi tukirudi Houston. Utaratibu ulikuwa kupunguza wachezaji 15 hadi 10, kumi hadi watano, kisha kila mmoja wa watano anapigiwa kura ya ndiyo au hapana na lazima apate asilimia 80. Davis alishindwa 2015 na 2016. Mwaka 2017 alipita, pamoja na Tomlinson, kwotabeki Kurt Warner, mpiga mateke Morten Andersen na Jason Taylor. Katika kundi hilohilo, kwa njia ya wazee waliosahauliwa, aliingia Kenny Easley wa Seattle, aliyecheza misimu saba tu. Ulikuwa mwaka mzuri kwa watu wa maisha mafupi.

Kura yangu ingekuwa ndiyo, na ingekuwa ndiyo tangu 2007, mwaka wa kwanza aliostahili kupigiwa. Sioni aibu kusema hivyo huku nikikubali kwamba Bettis alikuwa na yadi nyingi zaidi. Mimi namuuliza mkimbiaji swali moja: ulipokuwa uwanjani, kuna mtu aliyeubeba ubingwa kwa miguu kuliko wewe? Kwa mwaka 1997 na 1998 jibu ni hapana, na hata hao waliompigia kura ya hapana hawakubishi.

Inabaki hofu yao ya mwisho, ya mlango. Wakisema Davis ameingia, wanauliza, Priest Holmes na Shaun Alexander utawaambia nini? Holmes ana yadi 8,172 na mwaka 2003 alivuka goli mara 27. Alexander ana 9,453 na alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2005. Wote wana yadi nyingi kuliko Davis, na hadi kundi la 2025 wote wapo nje. Alexander ningemwambia asubiri. Alifika Super Bowl moja, akapata yadi 95, timu yake ikapoteza. Holmes ndiye anayenisumbua. Januari 2004, mechi ya mtoano nyumbani Kansas City dhidi ya Indianapolis, alikimbia yadi 176 na kufunga mara mbili. Safu ya ulinzi ya Chiefs, timu yake, haikuwalazimisha Colts wa Indianapolis kuusalimisha mpira kwa teke hata mara moja, Colts wakashinda, mechi ikaisha 38–31, na hakupata nyingine ya namna hiyo.